Prince Naseem: mbwembwe tunazikumbuka, ufundi tumeusahau

Bondia mwenye mtindo wa ajabu huonewa mara mbili. Akishinda, watu husema ni bahati, akipigwa, husema "si tuliwaambia?" Naseem Hamed, bondia wa Uingereza aliyeitwa Prince Naseem, ameonewa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Rekodi yake ni mapambano 37, ameshinda 36, na 31 kati ya hayo kwa KO, yaani kabla ya kengele ya mwisho. Bado ukimtaja mbele ya wapenzi wa ngumi, kuna atakayekukatiza hata hujamaliza sentensi.

Dhana: Hakuwa na ufundi, alikuwa na mkono mzito tu

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, na ndiyo yenye makosa zaidi.

Hamed alizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1974, kwa wazazi waliotoka Yemen. Alianza ngumi akiwa na miaka saba, mikononi mwa Brendan Ingle, Mwairishi aliyefundisha vijana katika mtaa wa Wincobank. Sakafu ya ukumbi wa Ingle ilichorwa mistari. Vijana walipita juu yake wakihesabu hatua: mguu wa kulia mbele, sasa wa kushoto, geuka, rudi, tena na tena mpaka miguu ikashika bila kuulizwa. Walipopimana nguvu mazoezini walipigana mwilini tu, kichwa hakikuguswa. Kijana alijifunza kusogea karibu na mwenzake bila woga, na kukwepa kwa kiuno badala ya kujificha nyuma ya glavu. Bondia Herol Graham alitoka hapo kabla ya Hamed, na Johnny Nelson pia. Ukiwatazama wote watatu unaona kabisa kwamba ni wa ukoo mmoja, ingawa Hamed ndiye aliyeongeza pilipili.

Sasa, kwa nini mtindo ule ulifanya kazi? Bondia mzoefu hangoji kuiona ngumi, maana akiiona amechelewa. Yeye husoma bega na mguu. Bega likishuka kidogo, mguu wa nyuma ukikanyaga kwa nguvu, anajua kinachokuja. Hamed aliziharibu alama hizo zote. Mikono yake ilining'inia kiunoni, kwa hiyo ngumi ilitokea chini, pasipo macho ya mpinzani. Alikuwa mashoto, lakini katikati ya shambulizi aligeuza miguu na kupiga kama mtu wa mkono wa kulia. Wakati mwingine aliruka na ngumi, miguu yote ikiwa hewani, jambo ambalo kocha yeyote wa kawaida angekufokea ukilifanya. Mpinzani alikuwa anasoma kitabu ambacho kurasa zake zimechanganywa.

Na je, mtu asiye na ufundi anakwepa ngumi kwa kuegemea nyuma tu, mikono chini, raundi baada ya raundi? Jaribu uone.

Dhana: Alipigana na vibonde

Walikuwepo vibonde, sikatai. Said Lawal alidumu sekunde 35 mwaka 1996, na hakuna aliyeshangaa.

Lakini angalia wengine. Septemba 1995, akiwa na miaka 21, alikwenda Cardiff kumfuata Steve Robinson nyumbani kwake, mbele ya Wawelshi waliokuwa wakimzomea, akamsimamisha raundi ya nane na kuchukua mkanda wa uzito wa unyoya (featherweight) wa WBO, kimoja cha vyama vinne vikubwa vya ngumi duniani; vingine ni IBF, WBA na WBC. Februari 1997 alimsimamisha Tom Johnson, bingwa wa IBF, naye raundi ya nane. Wilfredo Vazquez wa Puerto Rico alikuwa bingwa wa WBA na alinyang'anywa mkanda kwa kuchagua kupigana na Hamed. Aprili 1998 alisimamishwa raundi ya saba. Cesar Soto alikuwa bingwa wa WBC alipopoteza kwa pointi Detroit mwaka 1999, katika pambano lililojaa kushikana na kusukumana hadi lilichosha macho. Kwa hiyo aliwapiga watu wa IBF, WBA na WBC huku mkanda wa WBO ukiwa wake, akautetea mara 15. Hakuwahi kuishika mikanda yote minne kwa wakati mmoja, kwa sababu siasa za vyama hivyo vya ngumi zilimlazimisha kuachia mmoja baada ya mwingine.

Lawama yenye uzito ni moja: bondia wa Mexico, Juan Manuel Márquez. Alikaa muda mrefu kwenye orodha ya WBO akisubiri zamu yake, na pambano halikuja. Hapo mashabiki wa Hamed, mimi nikiwemo, hatuna jibu zuri.

Dhana: Kidevu cha kioo, akiguswa tu anaanguka

Desemba 19, 1997, Madison Square Garden, New York, dhidi ya Kevin Kelley. Hamed alikalishwa, yaani aliangushwa, raundi ya kwanza. Raundi ya pili alikalishwa tena, kisha akamkalisha Kelley. Raundi ya nne kila mmoja alimwangusha mwenzake, halafu Kelley akaanguka mara ya mwisho, na hesabu ikamalizika. Mara tatu kwa mara tatu. Mtu mwenye kidevu cha kioo haamki mara tatu usiku mmoja na kushinda. Tatizo lake lilikuwa kukaa wima, kidevu juu na miguu karibu karibu, kwa hiyo hata ngumi ya kawaida ilimtoa kwenye mizani. Daniel Alicea alimkalisha vilevile mwaka 1996, na raundi iliyofuata Alicea ndiye aliyekuwa chini.

Dhana: Barrera alithibitisha kwamba yote yalikuwa maigizo

Las Vegas, Aprili 7, 2001. Majaji wote watatu walimpa ushindi Marco Antonio Barrera: 116-111, 115-112, 115-112. Mmexico yule alijulikana kwa kusonga mbele na kurusha makonde bila breki. Usiku ule alikuja na akili nyingine. Alizunguka akiukimbia mkono wa kushoto wa Hamed, akapiga na kuondoka, hakukubali kuvutwa kwenye ugomvi. Raundi ya 12 alimbana Hamed na kumgongesha uso kwenye pedi ya kona. Mwamuzi Joe Cortez alimkata pointi, lakini picha ilishabaki vichwani mwa watu.

Ninachokiona mimi ni kwamba aliyepigwa usiku ule alikuwa nusu ya Hamed. Alikuwa ameachana na Ingle mwaka 1998, na kadiri miaka ilivyokwenda miguu ya kwenye mistari ilipungua; ikabaki ngumi moja kubwa ya kusubiriwa. Mbwembwe bila miguu ni mtu aliyesimama na mikono chini. Barrera aliliona hilo na kulitumia vizuri, tena hakuwa bondia wa kubezwa: mwaka uliofuata alimpiga Erik Morales. Hata hivyo Hamed hakuanguka hata mara moja katika raundi zile 12. Wala si kweli kwamba alinyang'anywa mkanda wa WBO. Alikuwa ameshauachia kabla ya kwenda Las Vegas. Mkanda ule hakuna aliyeuchukua kwake ulingoni.

Mwaka 2015 aliingizwa kwenye Jumba la Kimataifa la Heshima la Ngumi, na waliopinga walipinga kwa hoja ya Barrera ileile. Mimi ningeuliza kuhusu kilichofuata baada ya usiku ule wa Las Vegas. Marudiano hayakufanyika. Mei 2002 alipanda ulingoni London dhidi ya Mhispania Manuel Calvo, akashinda kwa pointi bila cheche yoyote, watazamaji wakimzomea. Hakurudi tena. Alikuwa na miaka 28.