Bingwa wa dunia akiwa na miaka 56: tunayokosea kuhusu Gabriele Tarquini na mbio za magari

Kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam, ukitaja dereva wa mbio utasikia Formula One au Safari Rally. Wale wa touring cars, yaani magari ya mbio yenye bodi kama haya tunayopishana nayo Mwenge, wanaonekana ni masalia tu: walishindwa Formula One, wakaangukia huko.

Dhana hiyo inaniuma, na wa kuivunja ni Mwitaliano Gabriele Tarquini. Ni kweli Formula One ilimtesa. Alipata pointi 1 tu, kwa kushika nafasi ya sita Mexico mwaka 1989. Lakini timu zake nyingi, zikiwamo Coloni na AGS, zilikuwa za mkiani, na enzi hizo magari yalizidi nafasi za kuanzia, hivyo timu dhaifu zilichujwa mapema kabisa. Mara 40 Tarquini alienda kwenye mashindano akarudi bila hata kuanza mbio. Angekuwa masalia, asingechukua ubingwa wa touring cars wa Uingereza mwaka 1994 na Alfa Romeo 155, wa Ulaya mwaka 2003, wa dunia mwaka 2009, kisha Kombe la Dunia la magari hayo, WTCR, mwaka 2018 akiwa na miaka 56. Huku ndiko kipaji chake kilipopata gari la kukistahili.

"Lakini si gari la kawaida tu hilo?" Bodi, ndiyo. Hyundai i30 N aliyoshindia mwaka 2018 ilikuwa na injini ya turbo ya lita 2 na nguvu za farasi takribani 350, zaidi ya mara tatu ya IST. Ndani kumebaki kiti kimoja cha mbio, mabomba ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka, na gia za mashindano.

Na kwa wanaosema dizeli ni ya Fuso: ubingwa wa dunia wa 2009 aliupata na SEAT León ya dizeli.

Kinachosahaulika zaidi ni hesabu. Watu hudhani bingwa ni yule mwenye mguu mzito. Mashindano haya yamewekewa vikwazo makusudi: anayefanya vizuri huongezewa uzito garini, na katika baadhi ya mbio kumi bora wa mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia hupangwa kinyumenyume, aliyeongoza akaanzia nyuma yao. Kwa hiyo nafasi ya saba uliyoipigania na gari zito, bila kuua tairi, ina thamani yake. Mwaka 2018, baada ya mbio 30, Tarquini alimshinda Mfaransa Yvan Muller kwa pointi 306 dhidi ya 303. Pointi tatu! Kosa dogo popote pale, na kombe lingekwenda Ufaransa.

Ndiyo maana nawasihi vijana wanaoshindana usiku Barabara ya Bagamoyo: ile si njia ya kufikia huko. Tarquini alianzia kwenye karti, vigari vidogo vya mbio, uwanjani, mahali palipo na waamuzi na daktari, na gari linalotoka nje ya njia halimkuti mama anayevuka kwenda kununua dawa.

Kuhusu umri, wanaosema dereva huisha akifika 40 wajue kwamba ubingwa wake wa kwanza wa dunia ulimkuta na miaka 47, na alistaafu WTCR mwaka 2021 akiwa na 59.