Kulabu ya kisu cha uwindaji ni nini, na hunolewaje?

Baadhi ya visu vya uwindaji vinavyotengenezwa kwa mkono huwa na kipengee mgongoni, karibu na ncha, chenye umbo la nusu pete. Kipengee hicho ndicho kulabu. Makali yake yamo ndani ya tao, nayo hukata pale tu kisu kinapovutwa.

Kulabu ina kazi moja: kupasua ngozi ya tumbo la mnyama bila kugusa kilicho chini yake. Ncha ya kawaida ikizama kidogo tu kupita kiasi, hutoboa utumbo au kibofu, na kinachomwagika huharibu nyama. Kwa hiyo mwindaji hutoboa tundu dogo kwenye ngozi, hupindua kisu ili makali makuu yatazame juu, huingiza jino la kulabu, yaani ncha ya ile nusu pete, chini ya ngozi, kisha huvuta. Ngozi huingia taoni na kukatika kuanzia ndani kwenda nje, na manyoya hayakatwikatwi ovyo yakaangukia nyama. Jino lenyewe lisiwe na makali kwa nje. Mimi hupenda liwe limeviringwa kidogo, liteleze juu ya utumbo badala ya kuuchoma.

Mtengenezaji huchonga kulabu chuma kingali laini, kabla ya kukikaza kwa moto. Hutoboa tundu, hukata mlango wake kwa msumeno, kisha hulainisha tao kwa tupa ya mviringo na kuchonga mteremko wa makali, yaani sehemu inayopungua unene kuelekea ukingoni, upande mmoja au pande zote mbili. Ukingo wa makali haumalizwi hapo. Huachwa mnene kidogo, maana chuma chembamba mno hupinda au kupasuka kinapochovywa kikiwa cha moto ili kikaze. Mikwaruzo ya tupa ndani ya tao nayo iondolewe kwa msasa, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo au kona kali.

Kwenye kunoa ndiko wengi wanakokwama. Kinoo bapa hakiingii ndani ya tao. Tupa nayo, chuma kikishakazwa, huteleza tu juu yake. Kinachofaa ni kijiti cha mviringo chenye chembe za almasi, au kipande cha mti kilichoviringishiwa msasa mgumu. Unene wake uwe mdogo kuliko upana wa tao. Kikiwa kinene, kitagusa kingo mbili za mlangoni na kuacha katikati ya tao, ambako ngozi hukatikia hasa, butu vilevile.

Paka mteremko wote wino wa kalamu, halafu pitisha kijiti mara mbili tatu kwa kufuata ulalo uleule alioacha mtengenezaji. Tazama wino ulikotoka. Ukitoka juu tu, mbali na makali, umelaza kijiti mno. Ukitoka ukingoni tu, umekisimamisha mno. Angalizo hili dogo lina thamani kuliko kifaa chochote cha bei, kwa sababu ndani ya tao jicho halioni pembe vizuri.

Endelea, huku ukizungusha kijiti, mpaka usikie kwa upole wa kidole unywele mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, tena kwenye tao zima. Kama mteremko uko upande mmoja, laza kijiti sambamba na bapa la upande ule mwingine na uuondoe unywele huo kwa mipito miwili mepesi. Ukikaza mkono hapo utazaa mteremko mpya usiotakiwa.

Mashine ya kusaga ya umeme usiikaribishe. Makali ya kulabu ni membamba na hupata moto upesi. Chuma cha kaboni kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wa sehemu hiyo umepotea, na kunoa hakuwezi kuurudisha.

Jaribu kwa kipande cha ngozi laini au kitambaa kizito kilichovutwa kwa nguvu. Kulabu iliyonolewa sawasawa hupita kwa mvuto mmoja. Ikikwama na kukunja kitambaa, angalia tena katikati ya tao.