Si kila hadithi ya jini inayochekesha ni komedi ya kutisha

Siku hizi simulizi yoyote yenye mzimu na kicheko inaitwa komedi ya kutisha. Mlevi wa Gungu, Kigoma, akikimbia shuka jeupe lililosahaulika kwenye kamba, eti komedi ya kutisha. Zimwi la filamu likipakwa unga vibaya mpaka watazamaji wakaangua kicheko, nalo wanaliita hivyo hivyo.

Komedi ya kutisha ni hadithi ambayo ndani yake hatari ni ya kweli na inaua, lakini wanaopambana nayo wanatuchekesha kwa jinsi wanavyopambana. Shuka la mlevi halimuui mtu.

Inachanganywa zaidi na kejeli. Katika Northanger Abbey ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, msichana aliyezama katika riwaya za kutisha anapata karatasi kabatini usiku, anakosa usingizi kwa hofu, na kulipokucha anakuta ni hesabu za dobi. Kinachochekwa pale ni mazoea ya riwaya zenyewe. Mzimu haupo kabisa. Horace Walpole alifanya jambo jingine. Katika The Castle of Otranto ya 1764, kofia kubwa ya chuma inamponda kijana siku ya harusi yake, na watumishi wanaoleta habari wanababaika kwa maneno ya kuchekesha. Katika dibaji ya chapa ya pili, 1765, aliwatetea watumishi hao kwa kumtaja Shakespeare na wachimba kaburi wa Hamlet. Kwa hiyo kicheko hakikubandikwa juu ya riwaya ya kutisha juzi. Kilikuwamo tangu mwanzo, na maiti alikuwa maiti kweli.

Chukua riwaya ya akina mama wa viungani wanaopambana na mnyonya damu. Katika Dracula ya 1897, mnyonya damu hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe. Kwenye viunga vya Marekani mwandishi hutafuta sababu ya mwanamke kumfungulia mlango mgeni. Hamishia kisa hicho Kigoma: mama yuko uani anakaanga migebuka, anasikia "Hodi!", anajibu "Karibu!" bila kugeuka. Sharti limetimia. Msomaji anacheka kwa kuwa amelijibu neno hilo maisha yake yote, na anaogopa kwa sababu hiyo hiyo. Hapo ndipo penye tofauti ninayoisisitiza: kicheko na hofu vinachotwa kisima kimoja. Ukiweka ukurasa wa utani, halafu ukurasa wa damu, umeandika hadithi mbili zinazopokezana zamu.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa fedha, nacho kinafaa sana kwa hadithi hiyo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu. Wakifungia humo kitu pekee cha kummaliza yule kiumbe, kisha mwenye ufunguo wa tatu akawa ndiye aliyekwisha kuumwa, umepata tishio bila kubuni mzimu mpya. Na mwanachama aliyekimbizwa njia nzima kutoka Kibirizi akifika anatweta, bado anatozwa faini ya kuchelewa, maana katiba ya kikundi haijataja mnyonya damu.

Kazi huharibika kiumbe mwenyewe anapofanywa mpumbavu. Akijikwaa na kuanguka mara moja tu, hofu hairudi hata umwage damu kurasa ishirini. Huharibika pia akina mama wote wakibaki salama, au wakichekwa kwa sababu tu ni akina mama. Wachekeshe kwa ukaidi wao na taratibu zao, huku akili zao zikibaki timamu. Waume wasiowaamini ndio wanaokosea. Masharti ya kiumbe yajulikane mapema, kabla ya robo ya kitabu, wala yasibadilishwe mwishoni ili kumwokoa mtu.

Ile ya mlevi na shuka basi iiteni kichekesho, na ni kichekesho kizuri. Ya msichana na hesabu za dobi ni kejeli. Jina la komedi ya kutisha tuliachie hadithi ambayo baada ya kicheko kuna mtu hakurudi nyumbani.