Anayelala barazani si mvivu

Wengi hapa Tanga wanaamini kuwa anayelala kwenye baraza za maduka ya Ngamiani ni mvivu au mlevi, na kwamba anayejitolea kumpelekea uji anamdekeza tu. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoanza kwenda kuwapelekea uji.

Mvivu gani huamka kabla ya adhana ya alfajiri ili mwenye duka asimkute? Wengi niliozungumza nao wana kazi: kubeba mizigo sokoni, kuokota chupa za plastiki, kuosha vyombo kwa mama lishe. Kinachowashinda ni kodi. Chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi si ghali sana, ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo: 180,000. Anayelipwa kwa siku ataitoa wapi?

Mzee mmoja alikuja ujanani kukata mkonge, enzi za manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali. Zao hilo, lililoletwa huku mwaka 1893, ndilo lililoijenga Tanga. Nyuzi za plastiki zilipoteka soko la kamba duniani, mashamba mengi yakadorora, na waliotoka mbali wengine wakabaki bila kazi wala pa kurudi. Yeye husema "kwetu", kisha hunyamaza.

Na uji? Kusema kweli, haumwondoi mtu barazani. Anayebadilika ni anayeupeleka. Zamani nilikuwa nikipita pale macho kwenye simu. Siku hizi nasema, "Shikamoo mzee," naye, "Marahaba mwanangu. Leo umechelewa."