Mzio uliopotea bila kufutwa: matoleo yanayogongana katika kumbukumbu za wagonjwa

Chukua mfano wa mama mjamzito anayefika kliniki asubuhi na kumweleza muuguzi kwamba, katika mimba ya kwanza, sindano ya penisilini ilimvimbisha uso. Muuguzi anaandika mzio huo kwenye kishikwambi. Kijijini, ambako mtandao haushiki, mhudumu wa afya ya jamii amefungua nakala ya kumbukumbu ileile katika simu yake. Anabadili namba ya simu ya mama, anarekebisha jina la kitongoji, kisha anarudi kusahihisha tarakimu aliyoikosea. Jioni vifaa vyote viwili vinapata mtandao, na mzio hauonekani tena kwenye skrini.

Mimi hushughulika na mifumo ya aina hii, na kosa linalonitia hofu zaidi ni hili, kwa sababu halitoi onyo lolote. CouchDB, hifadhidata ya nyaraka iliyo msingi wa Community Health Toolkit, mkusanyiko wa programu unaotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya, huupa kila waraka kitambulisho na alama ya toleo. Matoleo mawili yakigongana, lenye mlolongo mrefu zaidi wa marekebisho ndilo linaloonyeshwa. Milolongo ikilingana, zinalinganishwa herufi za alama zenyewe. Kanuni hiyo huziwezesha seva zote kufikia jibu moja bila kuulizana, lakini haijui penisilini ni nini: marekebisho matatu ya mhudumu yamelishinda rekebisho moja la muuguzi. Toleo lililoshindwa bado limehifadhiwa, ila hutolewa kwa anayeliomba tu, na programu nyingi haziliombi.

Kwa hiyo nasisitiza kwamba mzio, kipimo na ziara kila kimoja kiwe waraka wake, ukishaandikwa usihaririwe, na muhtasari wa mgonjwa ukokotolewe kutokana na nyaraka hizo. Hata hapo, katika kupanga nyaraka kwa wakati, saa ya simu isiaminiwe peke yake, kwani simu iliyozimika betri huweza kuwaka na tarehe ya zamani. Seva nayo iandike saa ilipoupokea waraka.

Kuna pia suala la nyaraka zinazotegemeana. Kaya ikihama, nyaraka za watu wake wote hubadilika, na CouchDB haina njia ya kuhakikisha kwamba zote zimeandikwa au hakuna hata moja iliyoandikwa. MongoDB, hifadhidata nyingine ya nyaraka, iliongeza uwezo huo katika toleo la 4.0, mwaka 2018. Bila uwezo huo, mtoto anaweza kubaki kijiji cha zamani huku mama yake akihesabiwa kwingine, na chanjo yake ikaonekana imekoswa.

Kila usiku seva itafute nyaraka zenye migongano na kutoa orodha. Orodha hiyo apewe muuguzi msimamizi badala ya mtaalamu wa kompyuta, kwa sababu muuguzi ndiye atakayempigia mama, kwa namba ile iliyosahihishwa, na kumuuliza kuhusu sindano.