Je, wajua kwa nini diski ya wingu huulizwa faili ambazo hukuwahi kuziweka?

Umeunganisha hifadhi yako ya wingu kwa rclone, programu inayounganisha kompyuta na hifadhi za wingu, na sasa inaonekana kwenye Windows kama diski X:. Ndani mna folda chache za picha na hati za kazi, basi. Unafungua logi, yaani faili ambamo rclone huandika kila kinachotokea, na kukuta kuna anayeulizia `autorun.inf`, `desktop.ini`, `Thumbs.db`. Huzijui, hukuziweka, na dakika hiyo hukuwa umegusa kitu.

Anayeuliza ni kompyuta yako mwenyewe. rclone, ikisaidiwa na programu-saidizi iitwayo WinFsp kwenye Windows au FUSE kwenye Linux, huuambia mfumo endeshi kwamba hii ni diski kama diski nyingine. Ukishaamini hivyo, mfumo huifanyia desturi zake zote. Windows hutafuta `autorun.inf` mwanzoni mwa diski ili ijue ikoni na jina la kuonyesha, kisha `desktop.ini` katika kila folda, huenda folda hiyo ina sura yake maalumu. Linux nayo huulizia `.hidden` na `.Trash-1000`, yaani pipa la taka la mtumiaji namba 1000, ambaye kwa kawaida ndiye wewe. Mac hupenda `.DS_Store` na majina yanayoanza na `._`.

Aliyewahi kusafisha fleshi zilizotoka kwenye intaneti kafe ana haki ya kushtuka akiona `autorun.inf`, maana virusi vya Conficker vya 2008 vilisambaa pia kwa njia hiyo. Lakini kuulizia faili si kuiendesha. Cha kukutia wasiwasi ni faili hiyo ikiwa ipo kweli winguni na hujui nani kaiweka.

Ili uone kinachoendelea, zima rclone na uiwashe upya ukiongeza `-vv --log-file rclone.log`. Kwenye Linux utapata mistari ya namna hii:

`/: Lookup: name=".Trash-1000"`
`/: >Lookup: node=<nil>, err=no such file or directory`

Wa kwanza ni swali. Wenye alama ya `>` ni jibu: hakuna faili kama hiyo. Kwenye Windows jibu lilelile huandikwa `>Getattr: errc=-2`. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kila mstari ni safari ya kwenda kwenye seva. Sivyo. rclone huomba orodha ya folda mara moja, huihifadhi kwa dakika 5, na maswali yote ya muda huo huyajibu hapohapo kwenye kompyuta. `desktop.ini` ikiulizwa mara 200 ndani ya dakika hizo, bando lako halipungui kwa maswali hayo.

Kinachokula bando ni kusoma. Tafuta kwa `grep "Read:" rclone.log`, uone ni faili zipi zinasomwa wakati hujafungua chochote. Mara nyingi ni vijipicha: programu ya kuonyesha folda hufungua kila video ili ichukue picha moja ya mbele. Baadhi ya MP4 huweka faharasa yake mwishoni, kwa hiyo programu husoma mwanzo, huruka hadi mwisho, kisha hurudi, na kila mruko waweza kuwa ombi jipya. Isitoshe, rclone huvuta mbele hadi MB 16 kwa kila faili iliyofunguliwa. Folda ya video 100 inaweza hivyo kumeza hadi GB 1.6 kabla hujatazama hata moja. Zima vijipicha kwenye mipangilio ya folda, au punguza kwa `--buffer-size 1M`. Ukiongeza `--vfs-cache-mode full`, vipande vilivyokwisha kusomwa hukaa kwenye diski yako, navyo havivutwi upya kila folda inapofunguliwa. Weka na `--vfs-cache-max-size 5G` isije ikajaza kompyuta.

Mhalifu mwingine ni programu za kupekua, antivairasi ikiwamo. Kwenye Linux, `updatedb` hupita folda zote kwa ratiba ili kuandaa orodha ya kutafutia faili; ili iiruke diski hii, ongeza `fuse.rclone` kwenye mstari wa `PRUNEFS` ndani ya `/etc/updatedb.conf`. Kama bado hujui nani anasoma, `fuser -vm /mnt/wingu` huonyesha programu zinazotumia diski wakati huo. Kwenye Windows tumia Process Monitor, ukichuja njia zinazoanza na X:.

Watumiaji wa S3, hifadhi ya wingu ya Amazon, wana mtego wao. Orodha huleta faili 1,000 kwa ombi moja, lakini tarehe halisi ya faili rclone huihifadhi kwenye maelezo ya faili yenyewe, hivyo kuisoma kunadai ombi moja kwa kila faili. Folda ya faili 5,000 huorodheshwa kwa maombi 5, halafu yanafuata mengine 5,000 ya tarehe tu, na S3 hutoza kwa idadi ya maombi. `--use-server-modtime` huyaondoa, ila utaona tarehe faili ilipopakiwa badala ya ile ya asili.

Kurefusha `--dir-cache-time`, yaani ule muda wa dakika 5 wa kuhifadhi orodha ya folda, kunasaidia pia, ila si kwa kila hifadhi. Google Drive huulizwa na rclone kila dakika kama kuna mabadiliko, kwa hiyo hata saa 24 ni sawa. S3 haina utaratibu huo: faili aliyoiongeza mwenzako kupitia kompyuta nyingine hutaiona hadi muda uishe.

Na kama Mac imekwisha kutapakaza `.DS_Store` zake, zifagie kwa `rclone delete wingu: --include ".DS_Store" --dry-run`, ukiweka jina la hifadhi yako mahali pa `wingu`. Soma orodha itakayotoka kwanza, ndipo urudie bila `--dry-run`.