Probesheni inafanya kazi au la? Kwanza uliza walihesabiwa akina nani

Kuna mambo kuhusu probesheni (mkosaji kubaki nje ya jela chini ya uangalizi na masharti) yanarudiwa sana mpaka watu wanayaona ni ya kweli, na yananiuma kwa sababu maisha ya watu yanaamuliwa na hizo namba.

Dhana: "Karibu wote waliomaliza programu wametulia, basi programu ni nzuri."

Ukweli: hao ni waliomaliza!! Waliokamatwa tena mwezi wa pili, waliotoroka, waliohama bila kuaga, wote wameondolewa kwenye hesabu, yaani umebaki na wale ambao huenda wangetulia hata bila programu. Anza na kila aliyeandikishwa siku ya kwanza, halafu walinganishe na watu wanaofanana nao kwa umri, kosa na rekodi ya nyuma, na ikiwezekana wagawanywe kwa kura, nani aingie programu na nani asiingie.

Dhana: "Ukimbana mtu zaidi ndio anaacha uhalifu."

Hii ndiyo imeshikilia watu kabisa. Mwaka 1993 watafiti Joan Petersilia na Susan Turner walitoa matokeo ya programu 14 za uangalizi mkali kule Marekani, watu waligawanywa kwa kura, na ndani ya mwaka mmoja waliokamatwa kwa kosa jipya walikuwa kama asilimia 37 upande wa uangalizi mkali na 33 upande wa kawaida. Tofauti hakuna ya maana. Ila kuvunja masharti sasa, 65 kwa 38! Ukimchungulia mtu kila siku lazima utamkuta na kitu. Mtu kapata kibarua, zamu ikagongana na siku ya kuripoti, akachagua kibarua, kwenye faili anaandikwa amefeli na anaweza kurudishwa jela, na hajaiba hata sindano. Kuvunja masharti na kosa jipya vihesabiwe mbalimbali, tafadhali.

Dhana: "Miezi sita inatosha kujua."

Haitoshi. England na Wales wanamfuatilia mtu miezi 12, kisha wanaongeza 6 ya kusubiri kesi ziishe mahakamani.

Dhana: "Imefaulu kule, tuilete na huku."

Programu ya HOPE ilianza Hawaii 2004, adhabu fupi lakini ya papo hapo kwa kila anayekiuka, na matokeo ya mwanzo yalivutia sana. Ikajaribiwa sehemu nne nyingine za Marekani, na mwaka 2016 ikaonekana kwa ujumla haikuishinda probesheni ya kawaida.

La mwisho, watu wanadhani kurudia kosa ni ndiyo au hapana tu. Aliyekuwa anavunja nyumba kila mwezi, sasa mwaka mzima kaiba simu moja, kwenye jedwali anasomeka "amerudia" sawasawa na ambaye hajabadilika hata kidogo. Hesabuni basi ni mara ngapi na kosa zito kiasi gani, na aliyeibiwa naye aulizwe kama fidia yake alilipwa, maana huyo hata kwenye jedwali hayumo.